Hodi ya Umeme

Siku hizi kila nyumba ya Taveta imeunganishwa umeme na nyumba moja ya Holili, ng'ambo ya mpaka, na hakuna anayewasha jiko bila kubisha hodi kwenye mita. Mwenzako akijibu karibu, umeme wake unahamia kwako.

Wakio alibandika maharage. "Hodi, dada Aikande!"

"Karibu, mwaya," sauti ya Holili ikajibu, kama kawaida.

Leo Aikande alisahau kuzima sauti ya mita. Wakio akasikia mtoto akilia: "Mama, uji wetu haujachemka!"

"Nyamaza, mwanangu. Mtu akibisha hodi, utamwambiaje asiingie?"

Mkono wa Wakio ulifika kwenye swichi ya jiko, ukasita, ukarudi. Akafunika sufuria ili maharage yaive upesi, kana kwamba ndiyo yenye haya.