Neno la Mlangoni

Tangu sheria ya kununua nyumba kwa televisheni ianze, Ngamiani hakuna anayesema "karibu". Mwenye nyumba akimkaribisha mtu mbele ya kamera, basi ameuza, tena kwa bei wanayoitaja wanunuzi wenyewe, ambayo siku hizi haikupatii hata choo mahali pengine. Watu wamejifunza kupokea wageni kwa kukohoa.

Bi Mwanahawa alikuwa akikuna nazi mbele ya kipindi cha nyumba, akiwacheka wenzake walioponzwa na adabu zao, aliposikia, "Hodi! Shikamoo, mama!"

Ilikuwa sauti ya Rukia, binti yake. Neno likamfika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza.

"Marahaba. Uko na nani?"

"Peke yangu, mama. Nikaribishe basi, mikono imejaa."

Rukia huyu, ambaye hodi yake huwa anaipigia jikoni, leo anataka kukaribishwa? Bi Mwanahawa akatupa jicho kwenye televisheni. Mlango ule wa kijani aliujua. Aliupaka rangi mwenyewe. Mbele yake alisimama Rukia, mikono mitupu, na nyuma yake mtangazaji na mke na mume wakitabasamu.

"Mama yako hayupo," akajibu.

"Mama, si wewe huyo unayesema?"

"Mimi jirani. Nimekuja kukuna nazi."

Kwenye kioo, Rukia hakukasirika. Aliwageukia wale wageni, akawaonyesha baraza.

"Kaeni tu. Jua linazama hilo, na mama yangu hajawahi kumwacha mtu nje kiza kikiingia."