Changu wa Ijumaa

Siku ya tatu baada ya kutoka eda, Bi Mwanaidi aliingia kwa mara ya kwanza kwenye mkahawa wa samaki wa Wachina. Marehemu mumewe, Sefu, alikuwa akimbembeleza kila Ijumaa waende wote, naye kila Ijumaa alimjibu kwamba hali chakula cha watu wanaokula vyura.

Mwenye mkahawa, Bi Lan, aliposikia kuwa ni mke wa Sefu, alimpokea kwa mikono miwili. "Pole sana, dada. Leo utakula alichokipenda."

Akaletewa changu mzima aliyepikwa kwa mvuke, ametandazwa tangawizi, amezama katika tui zito lenye ukwaju na pilipili mbuzi. Bi Mwanaidi alionja kwa ncha ya kidole, kisha akamega donge kubwa.

"Tui hili umefundishwa na nani?"

"Na yeye. Alisimama jikoni kwangu kutwa nzima, akisema, 'Mke wangu hulipika hivi. Likitoka kama lake, ipo siku atakuja.'" Bi Lan alicheka kidogo. "Hukuja, basi nikawa nakufungia samaki wako akuletee nyumbani. Ulimpenda?"

Bi Mwanaidi aliwaona akilini paka wa uani kwake, walivyokuwa wakimsubiri mlangoni kila Ijumaa jioni atoke na kile kifurushi.

"Sana," alisema.

Bi Lan akarudi jikoni uso umemchanua, amfungie mwingine wa kwenda naye nyumbani. Punde ikasikika nazi ikikunwa. Bi Mwanaidi alimega tonge jingine, akabaki nalo mdomoni, hawezi kulimeza wala kulitema.