Dawa ya Dakika Ishirini

Daktari aliniagiza nikimbie taratibu dakika ishirini kila asubuhi, na kichwa kikianza kuuma nisimame. Alisema ndiyo dawa ya ubongo uliotikisika. Dawa gani hiyo ya kutoka jasho? Niliona haya kumsimulia mtu kazini. Wenzangu walijua kwamba tangu boriti inigonge kichwani, nimelala tu gizani.

Jumapili nilikata kona ya mtaa wetu hapa Naryn, jasho likinitiririka, nikawakuta wote sita uani kwangu. Walikuwa wamekuja ashar, kusaidiana kazi kama tufanyavyo mmoja wetu akipatwa na jambo. Walikuwa juu ya ngazi, wakikandika ukuta nilioshindwa kuumaliza.

Miiko ikasimama.

“Ala! Mgonjwa huyo!” mmoja akapaza sauti. “Sisi tunakufa na udongo, bwana mkubwa anakimbizana na kuku!”

Wakacheka. Ningeweza kusema tu kwamba ni amri ya daktari. Badala yake nikaanza kuchechemea.

Kicheko kikakatika. Asankul, msimamizi wetu, akateremka, akanipa bega lake lililojaa tope, akanisaidia kukongoja hadi mlangoni.

“Pole, ndugu yangu,” akasema. “Na kichwa je, hakijambo?”