Mkwaruzo Shingoni mwa Ndege

"Usiguse," kaka mtu alimwambia dada yake mdogo, akauvuta mkebe wa sarafu upande wake wa meza.

Hawakuwa wamesalimiana tangu wamzike baba yao. Leo walikaa kwa mthamini wa sarafu, kila mmoja kampa mwenzake mgongo. Dada alidai nusu. Baba yao, fundi vyuma, ndiye aliyekuwa na sarafu hizo, naye dada ndiye aliyemuuguza wakati kaka mtu hapokei hata simu. Kaka mtu alimjibu kwamba ana tamaa ya fisi.

Mthamini, mzee mkavu asiye na haraka, alipachika lenzi jichoni. Alieleza kuwa sarafu ya kawaida ni ya kununulia kiberiti tu, ila iliyoharibika mtamboni ina wanunuzi wenye wazimu. Akaitazama ya kwanza. Ndege aliyechorwa alikuwa na mkwaruzo shingoni. Ya pili vilevile. Akazimaliza zote thelathini na moja.

"Zote zina kosa?" kaka mtu aliuliza.

"Zote. Kosa lile lile, kwenye sarafu za miaka kumi na mmoja tofauti."

Kaka mtu akapiga hesabu kimoyomoyo, akajiona tayari yuko kwenye nyumba ya ghorofa.

Mthamini akataka kujua zilikotoka. Dada alipofungua mdomo tu, kaka yake akamkata kauli.

"Ni zangu. Nimezitafuta mwenyewe, moja moja. Mzee wetu hazimhusu."

Uongo huo ulimuuma dada kuliko kunyimwa nusu. Alimchukia waziwazi, wala hakujisumbua kuficha. Mthamini akaandika maelezo, akayasoma kwa sauti, na kaka mtu akatia sahihi kwa mbwembwe huku akimshauri dada yake aanze kutafuta nauli ya kurudia.

Mzee akaiweka karatasi kwenye droo, akainua simu ya mezani.

"Kiwandani, kila mwaka chuma cha kupigia chapa hubadilishwa," alisema. "Kosa la mwaka mmoja haliendi mwaka mwingine. Hizi zimetengenezwa na mtu mmoja, kwake nyumbani. Nawaita polisi."

Kaka mtu alinywea. Akamgeukia dada yake, akamwita 'mdogo wangu', akamsihi aseme sarafu ni za nani.

Dada alikuwa ameshachukua mkoba wake.

"Ni zake, mzee," alisema. "Mimi nimemsindikiza tu."