Chozi na Ua Linalofumba

Upepo uliangusha kiota cha Chozi, ndege mwenye mtoto wa kwanza, naye akahamia na kinda wake ndani ya lobelia, lile ua kubwa la mlimani. Jioni ua likaanza kufumba majani. Chozi roho ikamruka, akayazuia kwa mdomo: litammeza, litammeza mwanangu, jamani!

"Shoga, unamfungulia nani mlango?" aliuliza Pimbi, jirani wa mawe ya chini.

"Mtoto apate hewa!"

"Hebu mguse."

Kinda alikuwa wa baridi, umande umeanza kuganda mgongoni. Chozi akayaachia majani, akamlalia. Ua likafumba. Taratibu kinda akapata joto, akalia njaa.

"Umetulia sasa?" aliita Pimbi.

"Nitatuliaje, dada? Na likifumbua mapema?"