Mbarika za Machuki

Machuki aliokota guniani mbegu za mbarika, zile za kukamuliwa mafuta, akazirusha kinywani, akameza. Wakulima waliomletea wakashika vifua.

"Sumu iko wapi?" akafoka. "Nyinyi washamba mnaogopa hata mbegu!"

Hivyo ndivyo alivyofanya kila siku ya soko pale Kendu Bay, mwaka ule wa 1969. Anameza, anatukana, kisha ananunua kwa bei ya kutupa, kwani nani abishane na mtu ambaye sumu haimuwezi? Kinywa chake kilikuwa na matusi tu ndani yake. Mpumbavu akipewa mizani, soko zima linalia.

Nyumbani, mkewe Phelesia alimtwangia kila kitu kinuni: nyama, njugu, hata samaki. Kipande kigumu kikisalia, sahani ilirukia ukutani. Na sasa bwana mkubwa alikuwa ameamua kwamba Roselyn, binti yao, aache shule aolewe na mzee mmoja wa Sori mwenye ng'ombe wengi.

"Kusomesha msichana ni kumwagia ziwa maji," alisema, akacheka mwenyewe kwa kupendezwa.

Phelesia akaenda kwa Mwalimu Zadock, aliyefundisha sayansi.

"Mwalimu, hii mbarika inaua aje?"

"Mwili ni jikoni, Mama Roselyn. Kila seli inapika protini yake. Hiyo sumu inaingia inavunja mwiko. Unga uko, moto uko, lakini ugali hausongwi. Mtu anajiona mzima, kumbe amekwisha."

"Na mbona mzee hafi?"

"Ganda ni ngumu. Anameza nzima, inatoka nzima. Ganda ikipasuka, hapo hakuna dawa." Zadock akasita. "Mama, na hicho kinu chako..."

"Kinu yangu ni ya chakula, Mwalimu."

Na kweli, hakukitia hata mbegu moja. Badala yake aliuza cherehani yake, akamlipia mumewe safari na daktari huko Kisumu. Majirani walimcheka. Mume wa namna ile, na bado unamtunza!

Siku ya soko Machuki akarudi, kifua mbele. Wakulima wakangoja ameze. Lakini kwanza ilibidi waone zawadi ya mkewe, basi akacheka kinywa wazi: meno, juu na chini, meupe pe, mahali pa ufizi mtupu waliouzoea.

Kisha akachota konzi nzima ya mbarika, akazitafuna kwa nguvu, ili washamba wasikie.