Jaketi la Muuzaji wa Tatu

Ilibaki kauli ya Kemilembe tu. Kamati ya wazazi ilikuwa inachagua muuzaji wa majaketi ya kujiokolea kwa watoto wanaovuka ziwa kwenda shule. Kuhusu jaketi la muuzaji wa tatu, mmoja alisema linafaa kiasi, mwingine amesikia ni zuri, mwingine hana neno.

"Dada, tunakusubiri wewe," mwenyekiti alisema.

"Mimi sijalijaribu. Nani kalijaribu?"



Kemilembe akalitumbukiza kwenye beseni la maji, akalikandamiza, akaliachia. Jaketi lilitoa mapovu madogo madogo, likabaki chini.

Nje, ziwa lilikuwa limeanza kuchafuka.

"Yale mengine aliyoleta muuzaji huyu yako wapi?"

Mwenyekiti hakuinua macho. "Tumewavalisha watoto asubuhi, wakatujaribie."